Mchele Kwenye Ungo: Siku ya Kupigwa Mamogramu

"Inauma?" Ndilo swali ninaloulizwa na kina mama mlangoni mwa chumba cha mamogramu, yaani eksirei ya matiti, hata salamu hazijaisha. Sipendi kuwadanganya. Wapo wanaotoka wakicheka kwamba wameogopa bure, na wapo wanaokunja uso. Lakini hata hao titi lao hubanwa kwa sekunde chache tu, kisha bamba la mashine huachia.

Kwa nini kubana? Mama anayechambua mchele hautazami ukiwa rundo. Huutandaza kwenye ungo, ndipo jiwe linapoonekana. Titi nalo lina tezi, mirija na mafuta vilivyolaliana. Likipigwa picha hivyo hivyo, uvimbe mdogo unaweza kujificha nyuma ya nyama nzima, na nyama nzima iliyopandana ikaonekana kama uvimbe. Likibanwa, vyote hutandazika, titi halitikisiki picha ikaharibika, na mionzi inayohitajika hupungua kwa sababu haina unene mkubwa wa kupenya. Ndiyo maana nasema anayekubana sawasawa amekutendea wema kuliko anayekuhurumia. Ukizidiwa, sema; bamba linasimamishwa.

Mionzi yenyewe isikukoseshe usingizi. Kipimo chote hutumia takriban milisiverti 0.4, ilhali kila binadamu, kwa wastani wa dunia, hupokea kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Ni kama miezi miwili ya kuishi tu. Hata hivyo, kama una mimba au huna hakika, tuambie kabla hujavua nguo. Anayenyonyesha na aliyewekewa matiti ya bandia nao watuambie.

Utavua nguo za juu na kusimama mbele ya mashine. Kila titi hupigwa picha mbili: ya kwanza bamba likishuka kutoka juu, ya pili likibana kwa mshazari huku mkono umeinuliwa, ili nyama inayoelekea kwapani nayo iingie. Utaambiwa uzuie pumzi kidogo. Jumla ni picha nne, na muda mwingi utaishia kwenye kukupanga.

Dera ni vazi zuri, ila siku hiyo liache nyumbani, maana hatutaki uvue kila kitu. Vaa blauzi na sketi, na khanga ya kujifunika juu. Ukiweza, chagua wiki inayofuata baada ya hedhi. Kabla ya hapo matiti huwa yamejaa na ni mepesi kuuma. Kisha suala la kwapa. Najua joto la Dar es Salaam, lakini usipake deodoranti, poda wala losheni. Alumini iliyomo kwenye deodoranti nyingi hutokea kwenye picha kama vidoa vyeupe, na vidoa vya namna hiyo ndivyo tunavyovitafuta: chembechembe za chokaa ambazo mara nyingine ni dalili ya mapema ya saratani. Ukiwa umesahau, omba maji ujifute. Picha za zamani njoo nazo, hata kama ni za miaka mitano iliyopita. Kivuli ambacho hakijabadilika kwa miaka mitano hakimshtui daktari kama kilichozuka juzi.

Baada ya hapo kuna simu inayoogopwa kuliko bamba: "Mama, rudi tukupige picha nyingine." Nimeona watu wakianza kuagana na ndugu kwa simu hiyo. Nchini Marekani, katika kila wanawake 100 wanaopimwa, kama 10 hurudishwa, na katika hao waliorudishwa, wanaokutwa na saratani hawafiki mmoja kwa kumi. Wengi humalizia kwa picha ya karibu zaidi au ultrasaundi, wachache kwa kuchukuliwa kinyama kwa sindano.

Mamogramu nayo ina upofu wake. Titi la msichana lina tezi nyingi kuliko mafuta, na tezi huonekana nyeupe, kama uvimbe. Hapo unatafuta jiwe jeupe kwenye mchele mweupe, hata uutandaze vipi. Kwa hiyo mwanamke mdogo mwenye uvimbe mara nyingi huanzia kwenye ultrasaundi. Kwa wasio na dalili, Shirika la Afya Duniani huzungumzia miaka 50 hadi 69, kila baada ya miaka miwili, mahali ambapo hospitali zinaweza pia kufuatilia na kutibu. Marekani, mwaka 2024, jopo la wataalamu wa huko lilipendekeza kuanza miaka 40.

Lakini hapa Tanzania wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hufika hospitali ugonjwa umeshakomaa, na mamogramu hupitwa na takriban saratani moja katika kila nane. Kwa hiyo ukishika uvimbe, hata kama majibu ya mwezi uliopita yalikuwa safi, rudi hospitali wiki hiyo hiyo, umwonyeshe daktari kwa kidole mahali hasa ulipoushika.