Arches: hifadhi ya jangwani yenye foleni ya mpakani

Msafirishaji aliyewahi kulala Malaba akisubiri zamu ya lori lake hahitaji maelezo mengi kuhusu tatizo la Hifadhi ya Taifa ya Arches, katika jimbo la Utah, Marekani. Hifadhi hiyo ya jangwani ina zaidi ya matao 2,000 ya mawe ya asili, lakini barabara ya lami inayoingia ni moja tu, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji wa Moab.

Biashara ilitangulia hifadhi. Mwaka 1923 mtafuta madini, Alexander Ringhoffer, aliwaalika wakuu wa reli ya Denver and Rio Grande Western waje kuona mawe hayo, akiamini yangewaletea abiria. Meneja wa abiria, Frank Wadleigh, alivutiwa na kupendekeza serikali ilinde eneo hilo. Rais Herbert Hoover alilitangaza kuwa eneo la kumbukumbu Aprili 1929, na mwaka 1971 likawa hifadhi ya taifa. Moab uliwahi kuishi kwa urani miaka ya 1950. Leo unaishi kwa watalii.

Matao hayo ni kazi ya chumvi. Chini ya ardhi kuna tabaka nene lililoachwa na bahari iliyokauka yapata miaka milioni 300 iliyopita. Chumvi ikielemewa na uzito husogea kama unga uliokandwa. Iliposogea, mawe ya juu yalipasuka nyufa sambamba, kisha maji na barafu vikala kuta nyembamba hadi zikatoboka. Kazi hiyo haijaisha. Mwaka 1991 bamba lenye urefu wa mita 18 lilianguka kutoka Landscape Arch, tao lenye upana wa takriban mita 90, na njia ya chini yake ikafungwa. Agosti 2008 Wall Arch liliporomoka usiku. Bidhaa ya namna hii haiagizwi upya.

Jambo la kuangaliwa zaidi na mfanyabiashara ni bei. Gari binafsi hulipa dola 30 kwa siku 7, liwe na mtu mmoja au watano, na anayefika alfajiri hulipa sawa na anayefika saa nne asubuhi. Kiingilio cha hivyo kinakusanya fedha vizuri lakini hakipunguzi msongamano hata kidogo. Wageni waliongezeka kutoka kama milioni 1 mwaka 2010 hadi milioni 1.8 mwaka 2021, maegesho yakajaa mapema, na lango likawa linafungwa kwa saa kadhaa huku magari yakigeuzwa.

Ndipo mwaka 2022 ukaanza utaratibu wa kuweka nafasi ya saa maalumu kwa ada ya dola 2, uliotumika katika misimu ya watalii hadi 2025. Baadhi ya wafanyabiashara wa Moab walilalamika, na hoja yao si ya kupuuzwa: msafiri aliyekosa nafasi hulala na kujaza mafuta mji mwingine. Lakini aliyegeuzwa langoni baada ya safari ndefu naye si mteja wa kutegemea.

Wageni kutoka nje wajue kwamba kuanzia Januari 1, 2026, hifadhi 11 za Marekani, zikiwemo Zion na Bryce Canyon za Utah huko huko, zilipangiwa tozo ya ziada ya dola 100 kwa kila mtu mzima asiye mkazi. Arches haimo katika orodha hiyo. Masharti ya kuweka nafasi yaangaliwe kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Ndani hakuna kituo cha mafuta wala mgahawa. Barabara ya kwenda Devils Garden ni kilomita 29, na kwenda na kurudi Delicate Arch ni kilomita 4.8 kwa miguu, karibu zote bila kivuli. Kiangazi joto hupita nyuzi 38, hivyo tangi na madumu ya maji yajazwe Moab.