Hataza ya pezi la AC: hesabu ya fundi wa Mang'ula

Chukua gesti ya vyumba 10 karibu na lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, pale Mang'ula, yenye AC ya BTU 12,000 kila chumba. Vyumba vikijaa mwezi mzima, umeme wa AC peke yake unapita shilingi laki saba. AC ya ukubwa huo hutoa ubaridi wa kilowati 3.5 na hula takribani kilowati 1.1 kompresa ikiwa kazini. Mgeni akiiwasha kwa saa 10, na kompresa ikazunguka kwa saa 6 kati ya hizo, zinakwenda uniti 6.6. Bei ya kundi la T1, shilingi 292 kwa uniti iliyowekwa mwaka 2016, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inafika shilingi 356.24. Kwa usiku mmoja, chumba kimoja kinakula shilingi 2,351. Kwa mwezi, vyumba vyote 10 vinakula 705,355.

Bonde la Kilombero limepakana na mitambo miwili mikubwa ya maji, Kidatu yenye megawati 204 na Kihansi yenye megawati 180, lakini uniti inayouzwa Mang'ula ni ya bei ileile ya Kariakoo. Na joto la bonde halina mjadala. Wenye gesti, maduka ya dawa, hospitali na maabara za Ifakara wote wako kwenye hesabu hii, tena kwa wengi wao ubaridi si anasa.

Sasa ingia nyuma ya gesti, kwenye boksi la nje la AC. Ndani yake kuna rejeta: bomba jembamba la shaba linalokwenda na kurudi, limepita katikati ya mamia ya karatasi za alumini zilizosimama bega kwa bega. Hizo karatasi ndizo mapezi. Kazi yake ni kumwaga nje joto lililotolewa chumbani pamoja na lile la kompresa yenyewe, jumla kama kilowati 4.6. Gesi iliyo ndani ya bomba huachia joto kwa urahisi. Mkaidi ni hewa, kwa sababu haipokei joto haraka, na dawa yake ni kuipa eneo kubwa la kugusa.

Ukubwa wa eneo hilo unapigika kwa penseli. Tuseme rejeta ina upana wa milimita 700, kimo milimita 500 na kina milimita 20, na mapezi yamepishana milimita 1.4. Yatakuwa 500. Kila pezi lina nyuso mbili. Ukiondoa matundu 25 ya bomba la milimita 7, mapezi yote yanatoa karibu mita za mraba 9. Bomba lenyewe likiwa tupu, mita 17.5 za shaba, halifikii hata nusu mita ya mraba. Kwa hiyo mapezi yameongeza eneo zaidi ya mara 20, na kwa unene wa milimita 0.1 yametumia alumini kama kilo moja na robo tu. Nafikiri ni wachache wanaotazama boksi lile ukutani wakajua kwamba mita za mraba tisa zimekunjwa ndani ya kitu kinachobebwa na mtu mmoja.

Ushindani wa viwanda umebanwa humo, kwenye milimita. Shika pezi moja kwenye mwanga utaona vijidirisha vidogo vilivyokatwa na kuinuliwa kwa pembe. Mengine yana mawimbi, mengine yana mikato iliyonyooka. Kila mkato unavunja ule utando wa hewa iliyotulia juu ya alumini, joto likahama upesi zaidi. Na joto likihama upesi, gesi inapoa kwenye nyuzi za chini na kompresa inapumua. Kipimo wanachokitumia mafundi wa majokofu ni kwamba ukishusha joto ambalo gesi hugeuka kuwa kimiminika kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, unaokoa takribani asilimia 2 hadi 3 ya umeme. Kwa AC yetu inayokula uniti 2,409 kwa mwaka, asilimia 2.5 ni uniti 60, yaani shilingi 21,000 na ushee. Kwa gesti moja si fedha ya kuvunja mtu. Kwa kiwanda kinachouza AC milioni, ni sababu tosha ya kugombania pembe ya mkato mahakamani.

Silaha ya ugomvi huo ni hataza, haki anayopewa mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu, naye kwa upande wake anauweka wazi kwa maandishi. Kwa kawaida ni miaka 20 tangu ombi lilipowekwa. Sheria ya Tanzania Bara, iliyotungwa mwaka 1987, inatoa miaka 10 inayoweza kuongezwa mara mbili, miaka 5 kila mara. Ombi linawekwa kwa wakala wa usajili wa taifa, BRELA, Dar es Salaam, au kwa shirika la kanda ya Afrika, ARIPO, Harare, ambako Tanzania imo katika Itifaki ya Harare tangu 1999 na mwombaji anataja nchi anazozitaka.

Mchunguzi wa hataza hana haja ya kujua kama pezi lako ni zuri. Anauliza mambo matatu: je, ni jipya duniani, je, mtaalamu wa kawaida wa fani hii asingelifikia kwa kujaribu-jaribu, na je, linatengenezeka? La tatu ni jepesi. La kwanza na la pili ndiyo makaburi ya maombi mengi ya mapezi.

Tuchukue ombi la mfano. Fundi anadai pezi lenye mikato ya pembe kati ya nyuzi 25 na 30, mapezi yakipishana milimita 1.2 hadi 1.6. Mchunguzi anafungua fungu la F28F 1/32 katika uainishaji wa kimataifa wa hataza, ambalo ndilo kabati la mapezi yanayopitiwa na mabomba mengi. Anakuta hati ya zamani inayosema pembe nyuzi 20 hadi 35, nafasi milimita 1 hadi 2. Namba za fundi zote zimo ndani ya namba za mwenzake. Mlango uliobaki ni mwembamba: fundi aoneshe kwa vipimo kwamba ndani ya kipande chake kidogo kuna jambo lisilotarajiwa, kitu ambacho nje ya namba hizo hakipo. "Inapoza vizuri zaidi" haitoshi. Inatakiwa ionekane wati ngapi, kwa feni ya nguvu ipi, hewa ikiwa na joto gani, ikilinganishwa na pezi lipi. Kusogeza namba hadi ipatikane iliyo bora kwa kawaida huhesabiwa kazi ya fundi yeyote mwenye subira, si uvumbuzi.

Na kabati lenyewe limejaa. Willis Carrier alipata hataza yake ya Marekani namba 808,897 Januari 1906 kwa mtambo wa kutibu hewa uliotumia manyunyu ya maji. Tangu hapo watu hawajaacha kuandika. Mwaka 2023 peke yake dunia iliweka maombi ya hataza zaidi ya milioni 3.5 ya kila aina, na zaidi ya milioni 1.6 kati ya hayo yalipokewa na ofisi ya China, nchi inayoongoza kwa kutengeneza AC. Wazo la kwamba mtu ataamka Mang'ula akaumba umbo la pezi ambalo hakuna aliyelichora Osaka wala Guangdong linawezekana, ila lazima lipimwe kabla ya kulilipia.

Malipo yenyewe yako hivi. Ukitaka njia ya kimataifa, ile ya PCT, ada ya kuweka ombi ni faranga 1,330 za Uswisi. Mwombaji wa nchi iliyo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, na Tanzania imo, anapunguziwa asilimia 90, awe mtu binafsi au kampuni. Zinabaki faranga 133, kama shilingi laki 4. Ukichagua Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikufanyie upekuzi, bei yake ni karibu euro 1,800, lakini mtu binafsi kutoka nchi ya kipato cha chini au cha kati-chini anapunguziwa asilimia 75, zikabaki kama euro 450. Hapo umeshapita milioni moja na nusu ya shilingi, wala hujamlipa wakala wa kukuandikia madai, na madai yaliyoandikwa vibaya ni fedha iliyotupwa. Baada ya hapo kila nchi unayoitaka ina ada zake, tafsiri zake na wakala wake.

Kisha kuna kuilea. Marekani, kwa kampuni kubwa, kuitunza hataza hai hadi mwisho ni dola 2,150 mwaka wa tatu na nusu, 4,040 mwaka wa saba na nusu na 8,280 mwaka wa kumi na moja na nusu, kwa viwango vya 2025. Jumla ni dola 14,470 kwa hataza moja katika nchi moja. Wenye nafasi wenyewe huziacha nyingi zife.

Hapa ndipo ninapotaka fundi wa Mang'ula asome taratibu. Hataza inafanya kazi katika nchi ilikosajiliwa tu. Pezi lililosajiliwa Japani, China na Marekani, bila BRELA wala ARIPO kwa ajili ya Tanzania, halimfungi mtu anayelitengeneza na kuliuza Ifakara. Lililomaliza miaka yake halimfungi mtu popote. Michoro, vipimo, pembe na matokeo ya majaribio vyote vimo kwenye Espacenet, hazina ya hataza iliyo mtandaoni, bure, hati zaidi ya milioni 150 za fani zote. Hakikisha tu kwamba hakuna usajili unaohusu Tanzania, na kumbuka kwamba ukivusha mzigo kwenda nchi yenye hataza hai, umeingia kwenye sheria yake. Ukishavuka hapo, maarifa waliyoyagharimia wengine ni yako kuyatumia.

Mang'ula haianzi sifuri katika chuma. Wachina waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 waliweka hapa kambi na karakana, na jina la Mang'ula Mechanical and Machine Tools, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, linatoka kwenye urithi huo. Lakini ukubwa wa kazi lazima uheshimiwe. Mashine ya kiwandani hupiga mapezi mara 200 na zaidi kwa dakika. Fundi mwenye presi ya mkono akitoa pezi moja kila sekunde 10, mapezi 500 ya rejeta moja yanamchukua dakika 83. Kushindana na AC mpya ya bei rahisi kwa njia hiyo ni kujiumiza. Pa kushinda ni pengine.

Tazama rejeta za bonde hili wakati wa mavuno. Vumbi la barabara na makapi ya mpunga kutoka mashine za kukoboa vinajishika kwenye vile vijidirisha, vikikutana na unyevu vinakuwa tope, na tope likikauka linakuwa zege. Fundi analeta maji ya presha, analenga pembe mbaya, mapezi yanalala. Mapezi yaliyoziba yakipandisha lile joto la gesi kugeuka kimiminika kwa nyuzi 5, ni hasara ya asilimia 12.5, yaani uniti 301 kwa mwaka, shilingi 107,000 kwa AC moja. Hiyo ni mara tano ya kile alichookoa mhandisi aliyeboresha mkato ukashusha nyuzi moja. Ukiyaachanisha mapezi hadi milimita 2 uchafu unapita, lakini yanabaki 350 na eneo linashuka hadi mita za mraba 6.3.

Katikati ya milimita 1.4 na milimita 2 pana swali ambalo mtu wa Kilombero analifahamu kuliko mhandisi wa mbali: pezi gani, chujio gani au mpangilio gani wa rejeta unaostahimili makapi ya mpunga bila kupoteza theluthi ya eneo? Akilipata jibu, akalipima msimu mzima kwa mita ya umeme kwenye AC mbili zinazofanana, moja ya kawaida na moja yenye kifaa chake, atakuwa na kitu ambacho mchunguzi wa hataza hukisikiliza: tatizo halisi na tofauti iliyopimwa.

Kwa hiyo, fundi, kabla hujalipa hata shilingi moja ya ada, pekua F28F 1/32 mpaka uchoke, na kama Kiingereza kinakusumbua tafuta kijana wa kukusomea. Usikioneshe kifaa chako Nanenane pale Morogoro kabla ombi halijapokewa, kwa sababu kukionesha hadharani kunaweza kuua upya wake. Anza na ombi hapa nyumbani, litakupa miezi 12 ya kuamua kama nchi nyingine zina faida. Na kama upekuzi utakuonesha kwamba wazo lako lilishaandikwa Japani mwaka 1985, usivunjike moyo: hataza hiyo imeshakwisha muda, litengeneze uliuze.