Ruby na C: Nani mwenye jukumu la kufuta?

PROGRAMU iliyoandikwa kwa lugha ya Ruby huweza kuzimika ghafla pasipo kutoa hata ujumbe wa kosa unaoeleweka. Chanzo kimojawapo ni pale Ruby inapotumia maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C.

Lugha hizo mbili hutofautiana katika utunzaji wa kumbukumbu ya kompyuta. Katika C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie wa Maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwandishi wa programu huomba nafasi na kuirudisha mwenyewe. Ruby, iliyotolewa mwaka 1995 na Mjapani Yukihiro Matsumoto, ina mkusanya taka, ambaye hutia alama kila kitu kinachofikika, kisha hufagia visivyo na alama.

Hata hivyo, mkusanya taka huyo haoni yaliyo upande wa C. Nafasi isiporudishwa, kumbukumbu huvuja. Ikirudishwa mara mbili, au ikitumika baada ya kurudishwa, programu huanguka au huacha mwanya kwa wavamizi.

Mfano ni Nokogiri, maktaba ya Ruby inayosoma nyaraka za XML kwa msaada wa libxml2, ambayo ni ya C. Humo, waraka ndio unaomiliki vifungu vyake. Ukifutwa, navyo hufutika. Mtumiaji akibaki na kifungu kimoja huku waraka umefagiwa, atakuwa ameshika anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Ili kuepusha hilo, kila kifungu katika Nokogiri hubeba kiungo cha waraka wake, hivyo kikiwa hai na waraka huhesabiwa hai. Aidha, kifungu kilichong'olewa hakifutwi papo hapo, bali huorodheshwa na kufutwa pamoja na waraka.

Ruby humpa mwandishi nafasi ya kukabidhi taratibu mbili: moja hutia alama vitu vya Ruby vinavyoshikiliwa na C, nyingine hurudisha nafasi. Utaratibu wa kwanza umekuwa muhimu zaidi tangu toleo la 2.7 la Desemba 2019, lililowezesha Ruby kuhamisha vitu ili kubana kumbukumbu. Kitu kisichotangazwa huweza kuhama, na C ikabaki na anwani ya zamani.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika mstari wa kwanza, mwandishi hana budi kujibu swali moja: nani anamiliki kitu hiki, na nani atakifuta?