Gari la kanisa linavuja mafuta: tuanze wapi?



Makanisa mengi ya kwetu, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu na kuteremka kando ya ziwa kuelekea Baraka, hutumikia kwa magari ya zamani: Hiace, Land Cruiser, Corolla, ambazo zilikuwa zimekwisha kufanya kazi miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwetu. Gari la namna hiyo hubeba kwaya, hubeba mgonjwa usiku, hubeba hata jeneza. Na karibu kila moja lina doa jeusi chini yake. Wengine wamelizoea doa hilo, hawaulizi tena. Wengine huogopa, hukimbilia garaje na kuambiwa moteri yote ifunguliwe, kwa fedha ambazo sanduku la kanisa halina.

Kati ya kupuuza na kufungua moteri yote iko njia nyingine. Ni kujua mafuta yanatoka wapi, na kwa kiasi gani, kabla ya kulipa hata franka moja.

Tone moja lina uzito gani?

Tuhesabu. Matone kama 20 hufanya mililita moja. Gari likidondosha tone moja kila dakika, ni matone 1,440 kwa siku, yaani mililita 72. Kwa mwezi ni zaidi ya lita 2, na kwa mwaka ni karibu lita 26. Moteri ya Corolla hushika kama lita 4 tu. Kwa hiyo mafuta yaliyoanguka chini mwaka huo yangetosha kubadilisha mafuta yake mara sita.

Lakini hasara kubwa si hiyo. Mafuta yakishuka chini ya alama ya mwisho kwenye kijiti cha kupimia, chuma husuguana na chuma bila kitu katikati, na moteri yaweza kufa kwa dakika chache. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka barabarani, simamisha gari hapo hapo na uzime moteri. Usiseme, "Nitafika tu."

Kwanza: ni mafuta gani?

Si kila doa ni la mafuta ya moteri. Tandika kartoni safi chini ya gari jioni, na asubuhi uitazame. Mafuta ya moteri ni kahawia au meusi, na huanguka upande wa mbele. Mafuta ya giaboksi na ya difu ni mazito na yana harufu kali. Mekundu huenda ni ya usukani au ya giaboksi ya otomatiki. Maji ya kijani au ya waridi ni ya rejeta. Ukiona maji maji mepesi, yanayoteleza, karibu na gurudumu, huenda ni ya breki: gari hilo lisitoke uani mpaka litengenezwe.

Pili: safisha, ndipo utafute

Mafuta huteremka, na gari likitembea upepo huyasukuma nyuma. Ndiyo maana mahali yanapodondokea mara nyingi si mahali yanapotokea. Moteri ikiwa imepoa, ifute kwa kitambaa chenye mazuti kidogo, kisha kwa sabuni, na uikaushe vizuri. Nyunyizia poda ya mtoto pande zote, mbali na mikanda. Washa moteri dakika kumi au kumi na tano, uzime, kisha utazame kwa tochi. Mafuta yatachora mstari mweusi juu ya poda. Fuata mstari huo kwenda juu. Sehemu ya juu kabisa yenye unyevu ndiyo chanzo.

Ukihitaji kuingia chini ya gari, usilale kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka magogo imara au stendi.

Tatu: anza na kilicho rahisi

Fuata utaratibu huu, toka gharama ndogo kwenda kubwa:

1. *Boliti zilizolegea.* Barabara yetu ya RN5 hutikisa kila kitu. Kaza boliti za kifuniko cha juu cha moteri, kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo. Usitumie nguvu nyingi: kifuniko kikipinda, au uzi wa boliti ukikatika, umejiongezea kazi.

2. *Chujio la mafuta.* Mara nyingine chujio la zamani linapotolewa, mpira wake hubaki umenata kwenye moteri, na jipya hufungwa juu yake. Mipira miwili haishiki. Toa wa zamani.

3. *Boliti ya kumwagia mafuta.* Ina pete ndogo ya shaba au ya aluminiamu ambayo inapaswa kubadilishwa. Ni kitu cha bei ndogo sana.

4. *Bomba la kupumulia la moteri.* Hili husahauliwa na wengi. Moteri hutoa mvuke ndani yake, nao una njia ya kutokea. Njia hiyo ikizibwa na uchafu, mvuke husukuma mafuta nje kupitia kila mahali dhaifu. Fungua bomba, lioshe kwa esansi kidogo, likauke, ulirudishe. Waweza kubadilisha gasketi tatu bila faida, kumbe tatizo lilikuwa bomba hili.

5. *Gasketi ya kifuniko cha juu.* Ni ule mpira ulio kati ya kifuniko na moteri. Joto la miaka huufanya mgumu kama plastiki. Makanika mwaminifu huubadilisha kwa saa chache. Vipuri vingi hutufikia kutoka Bujumbura, na mpaka waweza kufungwa wakati wowote. Kwa hiyo uwe na gasketi mkononi kabla ya kufungua kifuniko.

Kabla ya kulipia gasketi yoyote, fanya jaribio moja. Moteri ikiwa inanguruma polepole, ondoa kifuniko cha kujazia mafuta. Moshi mwingi ukitoka kwa msukumo, pete za pistoni zimechoka, na gasketi mpya haitaponya ugonjwa huo.

Nne: kinachoweza kungoja

Sili ya nyuma, iliyo kati ya moteri na giaboksi, yenyewe ni ya bei ndogo, lakini kuifikia ni kazi kubwa kwa sababu giaboksi lazima ishushwe. Kama inavuja kidogo tu, ngojeni siku ya kubadilisha klachi, mfanye kazi zote mbili kwa malipo ya mara moja. Wakati wa kungoja, pimeni mafuta kila juma na kuongeza yanayopungua.

Lakini mambo matatu hayangoji: mafuta yanayodondokea bomba la moshi, maana yaweza kuwasha moto, yanayofika kwenye klachi au breki, na yanayolowesha mkanda wa taimingi, maana huula mkanda huo.

Juu ya dawa za chupa za kuzuia mvujo: zinaweza kulainisha mpira uliokauka na kupunguza mvujo kwa muda, lakini haziponyi gasketi iliyopasuka. Silikoni nayo ipakwe nyembamba tu na iachwe ikauke. Ikizidi, vipande huingia ndani na kuziba njia ya mafuta. Gasketi ya karatasi inayokatwa kwa mkasi yaweza kufaa kwenye bakuli la chini, lakini kamwe si kwenye kichwa cha moteri.

Mafuta yanakwenda wapi?

Hapa Uvira milima inaishia karibu kabisa na maji, nasi tunakaa kwenye ukanda mwembamba katikati. Mvua ikinyesha Kalundu, doa lililo chini ya gari huingia mferejini, na kutoka hapo ziwani. Ziwani ndiko mama zetu wanakochota maji bomba zikikauka, na ndiko wavuvi wetu wanakopata samaki. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani hufundisha kwamba mafuta yanayotolewa katika gari moja wakati wa kubadilisha yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Mwaka 2003 nchi nne zenye ziwa hili, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza. Sisi nasi tuna sehemu yetu: tusioshe magari ziwani wala mtoni, tuweke sinia chini ya gari linalovuja, na mafuta yaliyotumika tuyafunge katika bidoni, mbali na watoto, mpaka tumpate mwenye garaje anayeyakusanya.

Neno kwa komite za makanisa

Nunueni daftari moja, likae ndani ya gari. Kila juma dereva aandike tarehe, kilomita, na kiasi cha mafuta alichoongeza. Baada ya miezi miwili wazee wa kanisa watajua kama mvujo unaongezeka, na watapanga fedha mapema badala ya kuitisha mchango wa haraka gari likiwa limekufa njiani. Daftari hilo pia humlinda dereva: akiomba fedha ya lita moja, hakuna wa kumshuku.

Mithali 27:23 inamwagiza mchungaji kujua vizuri hali ya kundi lake. Kwa kanisa lenye gari, hali hiyo ni pamoja na kijiti cha mafuta. Fedha iliyonunua gari hilo ilitoka kwa mama anayeuza ndagala na kwa kijana anayebeba mizigo bandarini. Mmoja wao akiuliza tumetunzaje sadaka yake, tuwe na daftari la kumwonyesha.

Bwana awabariki, na awalinde mkiwa njiani.