Presha ikipimwa, ulizia na figo

Umepimwa presha, ukaambiwa iko juu. Ukapewa dawa, ukameza wiki mbili, ukajisikia uko poa, ukaacha. Hadithi hii unaijua, sivyo? Basi leo tumzungumzie jirani wa moyo anayeumia kimyakimya: figo.

Ukiwa umepumzika, moyo unasukuma kama lita 5 za damu kila dakika. Karibu moja ya tano yake inakwenda kwenye figo zako mbili, kila moja ikiwa na ukubwa wa ngumi. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, takribani milioni 1. Presha ikikaa juu kwa miaka, vichujio hivyo vinapata makovu, na vikishakufa havioti vingine.

Hapo kibao kinageuka. Figo zilizochoka zinashindwa kutoa chumvi na maji, presha inazidi kupanda. Figo pia hutengeneza homoni inayouambia uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Homoni ikipungua, damu nayo inapungua, moyo unalazimika kufanya kazi ya ziada. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa figo hufariki kwa maradhi ya moyo kabla hata ya kufikia hatua ya kusafishwa damu.

Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, miezi michache baada ya Muhimbili kufungua njia Novemba 2017. Ni jambo la kujivunia. Lakini figo mpya inahitaji mtu wa kukuchangia, na dawa za kumeza siku zote. Kuwahi ni nafuu zaidi.

Kwa hiyo, kama una presha au kisukari, muulize daktari: "Figo zangu zikoje?" Mkojo unapimwa protini, damu inapimwa kreatinini. Usisubiri miguu ivimbe, dalili huchelewa. Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za aina hiyo usizizoee bila ushauri. Na mlenda wetu? Kula, ila kumbuka magadi yana sodiamu kama chumvi, hivyo usimimine vyote viwili.

Na ile dawa uliyoacha? Kujisikia poa siyo kipimo. Rudi kliniki.