Kovu la Amazoni: Hekaya ya Wagiriki inavyowasaidia wanawake waliopoteza titi

Hekaya za Ugiriki ya kale zinawataja wanawake wapiganaji walioitwa Waamazoni. Walipanda farasi, walitumia upinde na shoka, na malkia wao Penthesilea aliuawa na Achilles kwenye vita vya Troy. Lakini ukimuuliza mtu aliyewahi kuwasikia, jambo analolikumbuka haraka ni kwamba walijikata titi la kulia ili lisiwazuie kuvuta upinde.

Hakuna ushahidi kwamba jambo hilo lilitokea. Wagiriki wenyewe walilipasua jina hilo wakapata maana ya ‘wasio na titi’, kisha wakatafuta kisa cha kuieleza. Kitabu kimoja cha tiba kinachohusishwa na Hippocrates, yule anayeitwa baba wa tiba, kinadai kuwa katika jamii ya Wasauromata akina mama waliwachoma watoto wao wa kike titi la kulia kwa chombo cha shaba kilichopashwa moto, ili nguvu zihamie kwenye bega na mkono. Mwili haufanyi kazi hivyo. Na wanawake wanaoshindana kulenga shabaha kwa upinde kwenye Olimpiki wana matiti yao yote mawili.

Wachongaji wa kale nao hawakukifuata kisa hicho. Sanamu maarufu za Amazoni aliyejeruhiwa, ambazo nakala zake za Kirumi zipo Roma, Berlin na New York, zinaonyesha mwanamke mwenye matiti mawili. Wanaakiolojia nao wamefukua makaburi kwenye nyika za Ukraine na Urusi na kukuta wanawake waliozikwa na mishale na mikuki, kwa hiyo wapiganaji wa kike walikuwapo kweli. Lile titi lililokatwa lilibaki kwenye maneno tu.

Picha hiyo iliyokosekana kwa zaidi ya miaka 2,000 ilikuja kutengenezwa na wanawake waliougua saratani.

Deena Metzger, mwandishi wa Marekani, aliondolewa titi mwaka 1977. Juu ya kovu akachorwa tatuu ya tawi la mti, kisha mpiga picha Hella Hammid akampiga picha akiwa kifua wazi, mikono ameitanua, uso ameuinua juu. Picha hiyo ikawa bango, na maneno yaliyo kwenye bango yanawataja Waamazoni. Anayeitazama anaona mwanamke mwenye furaha kwanza, halafu ndipo macho yanashuka kwenye kovu.

Mwaka 1978 ikawa zamu ya mshairi Audre Lorde, Mmarekani mweusi. Alikataa kuvaa titi bandia. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu ugonjwa huo anaeleza kuwa alipokwenda kliniki siku chache baada ya upasuaji, muuguzi alimwambia kutolivaa kunavunja moyo watu wa pale. Mgonjwa ndiye aliyetakiwa kuwafariji wazima! Lorde aliwaza kinyume chake: jeshi la wanawake wenye titi moja likiingia bungeni kudai homoni zinazosababisha saratani zipigwe marufuku kwenye chakula cha ng'ombe. Yeye aliwataja Waamazoni wa Dahomey, Benin ya leo, badala ya wale wa Ugiriki. Jina hilo wanawake askari wa Dahomey walipewa na Wazungu waliokuwa wamesoma hekaya za Kigiriki, na limeganda hadi leo: mwaka 2022 jijini Cotonou ilizinduliwa sanamu ya Amazoni yenye urefu wa mita 30.

Iliyotikisa zaidi ni picha ya msanii Matuschka. Alijipiga picha akiwa na gauni jeupe lililokatwa upande wa kulia, kovu likiwa wazi, na Agosti 1993 jarida la gazeti la New York Times likaiweka kwenye jalada. Barua zikamiminika, nyingine za hasira, nyingine za shukrani. Wapo waliosema picha kama hiyo haifai kuonekana kwenye meza ya kifungua kinywa.

Hoja hiyo naielewa, ila sikubaliani nayo. Hapa Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi wanafika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Moja ya sababu ni hofu ya ‘kukatwa’. Mtu anaogopa kitu ambacho hajawahi kukiona, kwa sababu waliopona wanakificha kwa kitambaa kilichokunjwa ndani ya sidiria, wakati mwingine hata mbele ya mume. Mwanamke aliyewahi kuona kovu lililopona, mstari tu kwenye ngozi, huenda akauwahisha uvimbe kwa daktari.

Kinachonisumbua ni neno ‘shujaa’. Magazeti yetu humwita kila mgonjwa wa saratani mpambanaji, na akifariki tunasema ‘ameshindwa vita’, kana kwamba hakujitahidi. Lorde alifariki mwaka 1992, saratani ikiwa imefika kwenye ini. Mgonjwa ana haki ya kulia, kuchoka, na kuvaa hilo titi bandia akipenda. Ninachokichukua kwa Metzger na Matuschka ni kwamba hawakujificha. Ujasiri wa vitani anaweza kuuacha asiyeutaka.

Kuhusu bega, Hippocrates angeshangaa. Upasuaji wa titi, hasa tezi za kwapani zikitolewa, haumpi mkono nguvu. Bega hukakamaa na mkono unaweza kuvimba, ndiyo maana mgonjwa hufundishwa mazoezi ya kuuinua kidogo kidogo, na familia inaweza kumsaidia kwa kumpunguzia ndoo na mizigo wakati anapona. Nchini Ufaransa wapo wanawake wanaofanya mazoezi hayo kwa kupigana kwa kitara, kile kinachotumika michezoni, wakikishika kwa mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji.