Usiwashe gari kabla ya kuhakiki taimingi

Unajifunza ufundi wa magari Gatsata, hapa Kigali? Mkanda wa taimingi ukifungwa vibaya, unaweza kuharibu injini ya mteja. Krenkishafti huzunguka mara mbili kamshafti inapozunguka mara moja. Zikipishana, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu na kuzipinda.

Chomoa waya wa betri, toa plagi. Zungusha puli ya krenki kwa spana, ukifuata upande inakozungukia injini, hadi alama yake ifike sifuri. Alama ya kamshafti iko upande wa pili? Zungusha krenki mara moja zaidi.

Ukishafunga mkanda mpya, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha tazama alama zote upya. Injini ikikwama, usilazimishe. Mteja mwenye haraka asubiri.